Mtu Aliyeifundisha Mashine Kucheza

Nina deni, na leo nataka kulilipa hadharani kwa sababu kosa lenyewe nililitenda mbele ya watu.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika jopo la kupitisha mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa shahada ya uzamili. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Ruiru, alileta pendekezo la kuandika historia ya mabanda ya michezo ya video na ya kompyuta za kwanza za nyumbani katika miji ya Ruiru na Thika. Alitaka kujua mashine hizo zilifika lini na kwa njia gani, ni akina nani waliofungua mabanda ya mwanzo mitaani, na vijana walilipa pesa ngapi kwa mchezo mmoja. Zaidi ya hayo, alitaka kuchunguza jinsi wachezaji walivyoyachukua maneno ya kigeni wakayavika viambishi vya Kiswahili, hata kitenzi kama kuseivu kikanyambuliwa kana kwamba kilizaliwa Lamu.

Jopo lilimkatalia. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba michezo ni mambo ya watoto, na kwamba historia ya mashine ni kazi ya wahandisi. Mimi, mwanaisimu, niliyepaswa kuwa wa kwanza kuona thamani ya pendekezo lile, niliunga mkono walio wengi. Mwanafunzi alikwenda akaandika juu ya jambo jingine, akafaulu vizuri, na sisi tukasahau.

Kilichonirudisha kwenye jambo hilo ni maisha ya mtu mmoja ambaye nimekuwa nikiyasoma kwa muda mrefu. Jina lake ni Alan Turing. Alikufa mwaka 1954, na wengi wa wanafunzi wangu wamelisikia jina lake bila ya kujua kwa nini linatajwa. Naomba msomaji anivumilie nimsimulie, kisha nitaeleza kwa nini maisha ya Mwingereza huyu yananisuta mimi ninayepanda matatu ya Thika kila asubuhi.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India. Kama ilivyokuwa desturi ya watu wa tabaka lile, wazazi walirudi India wakamwacha mtoto na kaka yake Uingereza, mikononi mwa walezi. Kwa hiyo alikua akiwaona wazazi wake kwa vipindi tu. Mwaka 1926, alipokuwa na umri wa karibu miaka 14, alitakiwa kuripoti katika shule ya bweni ya Sherborne. Siku hiyo Uingereza nzima ilikuwa katika mgomo mkuu wa wafanyakazi, na treni hazikuwapo. Kijana akapanda baiskeli yake huko Southampton akasafiri karibu kilomita 100, akilala njiani usiku mmoja, akafika.

Shuleni hakuwa kipenzi cha walimu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na shule ile ilithamini lugha za kale kuliko sayansi. Alipata rafiki mmoja wa moyo, Christopher Morcom, kijana aliyependa hisabati na nyota kama yeye. Mwezi Februari 1930 Morcom alifariki kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Turing aliumia sana, na waliochunguza maisha yake wanaona kwamba kuanzia hapo swali la uhusiano kati ya akili na mwili halikumtoka tena. Je, akili inaweza kuishi mahali pengine pasipokuwa katika mwili wa binadamu? Lilianza kama swali la mtu aliyefiwa, kabla halijawa swali la kisayansi.

Mwaka 1931 aliingia Chuo cha King's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alichaguliwa kuwa mwanazuoni mwanachama wa chuo hicho. Mwaka uliofuata aliandika makala iliyombadilishia maisha na, ingawa wakati ule wachache mno walitambua, iliyobadilisha maisha yetu sisi sote.

Makala hiyo ilihusu swali gumu la mantiki: je, ipo njia moja ya uhakika ya kuamua kama kila kauli ya hisabati inaweza kuthibitishwa au la? Jibu lake lilikuwa kwamba njia hiyo haipo. Lakini ili kulifikia jibu hilo ilimbidi aeleze kwa usahihi ni nini maana ya kukokotoa. Alibuni, kichwani tu, mashine sahili yenye utepe mrefu uliogawanywa katika vyumba. Mashine husoma alama iliyo chumbani, huifuta au huandika nyingine, husogea hatua moja kushoto au kulia, kisha hufuata kanuni inayosema lifuatalo ni nini. Hakuna zaidi ya hapo.

Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo kiini. Alionyesha kwamba inawezekana kuwa na mashine moja inayoweza kufanya kazi ya mashine nyingine yoyote ya aina hiyo, mradi tu ipewe maagizo yake kwenye utepe. Tuangalie mazingira yetu. Katika viwanda vya Thika kila mtambo una kazi yake: wa kusokota uzi hausagi nafaka, na wa kufunga mananasi makoponi haushoni nguo. Kule Ruiru, mtambo wa kumenya buni hauwezi kufanya lingine. Turing alisema: hebu tufikirie mtambo usio na kazi maalumu, ambao kazi yake ni ile utakayouagiza. Mtambo huo ndio kompyuta. Ndiyo maana simu iliyo mfukoni mwa kijana wa Kimbo inaandika barua, inapiga hesabu ya deni la dukani, na jioni inageuka uwanja wa mpira. Hakuna aliyebadilisha mashine. Kilichobadilika ni maagizo.

Hapa mwanaisimu hawezi kunyamaza. Katika makala ile ya 1936, neno la Kiingereza ambalo sisi tumelikopa kuwa kompyuta lilimaanisha mtu. Ndivyo lilivyotumika wakati ule: karani aliyeketi na karatasi na penseli akikokotoa mahesabu kwa kufuata kanuni. Turing alimtazama karani huyo, akauliza ni nini hasa anachokifanya, akakihamishia kwenye mashine. Baada ya vita neno likamfuata karani hadi kwenye mashine, na mtu akasahauliwa. Wanafunzi wangu hugombana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na mjadala huo ni mzuri. Lakini hakuna kati ya maneno hayo matatu linalotukumbusha kwamba mashine hii ilianza kama mkokotozi mwenye jasho na njaa.

Kutoka mwaka 1936 hadi 1938 Turing alisoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Princeton, akapata shahada ya uzamifu chini ya mwanamantiki Alonzo Church. Alirudi nyumbani vita vikinukia. Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, aliripoti Bletchley Park, mahali pa siri palipokusanywa wataalamu wa kufumbua mafumbo ya adui.

Wajerumani waliandika ujumbe wao kwa mashine iliyoitwa Enigma, ambayo iligeuza kila herufi kuwa nyingine kwa mpangilio uliobadilika kila mara. Haki ituongoze tuseme kwamba wa kwanza kuivunja hawakuwa Waingereza. Walikuwa wanahisabati watatu wa Poland, Rejewski, Różycki na Zygalski, tangu mwaka 1932, na wao ndio waliowagawia Waingereza ujuzi wao mwaka 1939. Turing alijenga juu ya msingi huo. Alibuni mtambo wa kujaribu mipangilio mingi kwa haraka na kuitupa isiyowezekana, na wa kwanza ulianza kazi mwaka 1940. Yeye mwenyewe alijitwika fumbo gumu kuliko yote, lile la jeshi la majini, wakati nyambizi za Wajerumani zilipokuwa zikizamisha meli za chakula katika bahari ya Atlantiki.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yalikuwa mbali nasi. Mwaka 1942, Wajapani walipotishia Ceylon, kituo cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa Wajapani kilihamishiwa Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Kilikuwa tawi la kazi ileile ya Bletchley. Mwaka huohuo wataalamu wa Kilindini walifanikiwa kuvunja fumbo la meli za biashara za Japani. Ni wangapi kati ya waliosoma katika shule hiyo wanaoijua habari hii? Hakika haikuandikwa katika vitabu vyetu vya historia.

Miaka ya mwisho ya vita Turing alihamia Hanslope Park, si mbali na Bletchley. Huko, pamoja na mhandisi kijana Donald Bayley, alitengeneza kifaa cha kuivuruga sauti ya mtu ili isieleweke na yeyote anayenasa mazungumzo, kisha kuirudisha ilivyokuwa kwa yule anayestahili kuisikia. Nawaomba wasomaji walihifadhi jina hilo la Hanslope Park, kwa maana tutalirudia.

Vita vilipokwisha alikwenda Maabara ya Taifa ya Fizikia, akaandika mpango kamili wa kuunda kompyuta ya kweli. Ukiritimba wa ofisi ulimchosha. Mpango ulicheleweshwa, naye akaondoka kabla hata sehemu ndogo ya mashine hiyo haijawashwa mwaka 1950. Katika kipindi hicho alijiburudisha kwa kukimbia mbio ndefu. Mwaka 1947 alishika nafasi ya tano katika marathoni ya ubingwa wa wanariadha wa Uingereza kwa muda wa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Mkenya atacheka akisikia muda huo, lakini mshindi wa Olimpiki ya London mwaka uliofuata alimzidi kwa dakika 11 tu, na huyu wetu alikuwa msomi aliyekimbia ili kupumzisha akili.

Mwaka 1948 alijiunga na Chuo Kikuu cha Manchester. Mwezi Juni mwaka huo, wahandisi Williams na Kilburn na wenzao walikuwa wameendesha huko programu ya kwanza iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Turing aliwaandikia watumiaji kitabu cha maelekezo. Na ndipo, msomaji wangu, alipofanya lile lililonifanya niikumbuke aibu yangu.

Alikaa kuifundisha mashine kucheza.

Pamoja na rafiki yake David Champernowne, Turing aliandika kanuni ambazo mashine ingezifuata ili icheze sataranji. Kila kete ilipewa thamani: askari 1, farasi 3, askofu 3 na nusu, ngome 5, malkia 10. Mashine ingetazama hatua zinazowezekana, ipime faida na hasara, kisha ichague. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuibeba kazi hiyo. Kwa hiyo mwaka 1952 Turing mwenyewe alijigeuza mashine. Aliketi na karatasi na penseli akacheza na mwenzake Alick Glennie, akifuata kanuni zake neno kwa neno bila ya kutumia hiari yake. Kila hatua ilimchukua yapata nusu saa. Mashine ya karatasi ilishindwa katika hatua ya 29. Yule karani mkokotozi wa mwaka 1936 alikuwa amerudi kitini.

Tujiulize: kwa nini mtu aliyesaidia kuokoa taifa lake apoteze siku zake kwa mchezo? Hakuzipoteza. Mchezo una kanuni zilizo wazi, una mwisho, una mshindi na mshinde. Ndani ya mchezo unaweza kuona kama mashine imefikiri vizuri au vibaya, bila ya kumdhuru yeyote. Mchezo ulikuwa maabara yake. Hata alipoandika, mwaka 1950 katika jarida la falsafa liitwalo Mind, makala yake maarufu juu ya swali la kama mashine inaweza kufikiri, alilitungia swali hilo umbo la mchezo. Mtu ameketi chumbani. Anaandikiana na wawili asiowaona, mmoja binadamu na mwingine mashine. Akishindwa kuwatofautisha, basi tuna sababu gani ya kuinyima mashine sifa ya kufikiri? Tazama alichokifanya hakimu katika kesi hiyo: lugha. Hakuchagua nguvu wala kasi ya hesabu. Alichagua mazungumzo ya kawaida kama yale ya baraza. Leo mashine zinaandikiana na wanafunzi wetu, kwa Kiswahili pia, na walimu tunahangaika kujua insha ni ya nani. Tunaucheza mchezo wa Turing kila tunaposahihisha.

Waliomfuata walipita njia hiyohiyo. Mwaka 1951 kampuni ya Ferranti ilionyesha hadharani London mashine ya kucheza mchezo wa nim. Mwaka 1952 A. S. Douglas wa Cambridge aliiwezesha kompyuta kucheza mchezo wa alama tatu mstarini, matokeo yakaonekana kwenye kioo. Mwaka 1962 vijana wa Massachusetts walitengeneza vita vya vyombo vya angani. Mwaka 1972 mashine ya michezo ya kuunganishwa na televisheni ilianza kuuzwa Marekani. Mwaka 1976 Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi, aliongoza utengenezaji wa mashine ambayo mchezo wake uliweza kuchomolewa na kuwekwa mwingine. Naye alikaa miaka mingi bila ya kutajwa, akaenziwa na watengenezaji wenzake mwezi Machi 2011, na mwezi uliofuata akafariki. Mwaka 1977 zikaja kompyuta za nyumbani zilizokwisha kuunganishwa tayari, na miaka mitano baadaye watoto wa Uingereza walikuwa wakinakili programu kutoka magazetini na kuzihifadhi katika kanda za kaseti. Nacho kizazi cha michezo ya kete kama bao letu na giuthi ya Wagikuyu hakikuachwa nje. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Amsterdam waliikokotoa awari, ndugu yake wa Afrika Magharibi, kwa kupitia hali zaidi ya bilioni 889 za mchezo, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare.

Turing hakuyaona hayo. Mwezi Januari 1952 nyumba yake iliibiwa, akaenda polisi kushtaki. Katika kuhojiwa alikiri kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na kijana wa kiume, jambo lililokuwa kosa la jinai kwa sheria ya Uingereza. Mwishoni mwa Machi alihukumiwa. Akapewa kuchagua kati ya jela na kudungwa homoni kwa mwaka mzima, akachagua homoni. Ruhusa yake ya kushughulikia kazi za siri ilifutwa. Sheria ile ina mzizi mmoja na ile ambayo Waingereza hao walituletea huku, na najua wasomaji wangu hawana rai moja juu yake. Lakini nadhani sote tunaweza kukubaliana kwamba dola iliyokula matunda ya akili ya mtu ilimlipa vibaya.

Hata katika mwaka ule wa fedheha alichapisha makala nyingine ya ajabu, akieleza kwa hisabati jinsi kemikali zinavyoweza kuchora madoa na milia katika viumbe vinapokua. Tarehe 7 Juni 1954 alikufa nyumbani kwake kwa sumu ya sianidi, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 42. Kando ya kitanda palikuwa na tofaa lililoumwa. Mchunguzi wa vifo aliamua kwamba alijiua. Mama yake alishikilia mpaka mwisho kwamba ilikuwa ajali ya majaribio ya kemikali.

Kisha kikafuata kimya. Kazi ya Bletchley ilikuwa siri ya serikali hadi katikati ya miaka ya 1970. Walioifanya walikatazwa kusema hata kwa wake na waume zao. Kwa miaka 20 baada ya kifo chake, historia ya kompyuta iliandikwa bila ya sehemu kubwa ya aliyoyafanya, si kwa kuwa waandishi walikuwa wavivu, bali kwa kuwa karatasi zilifungiwa. Wasifu wake mkubwa, ulioandikwa na Andrew Hodges, ulitoka mwaka 1983. Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2009. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka 2013. Picha yake iliwekwa kwenye noti ya pauni 50 mwaka 2021.

Sasa turudi Hanslope Park, kama nilivyoahidi. Mahali palepale alipotengenezea kifaa cha kuificha sauti, ndipo serikali ya Uingereza ilipozificha faili ilizoziondoa katika makoloni yake. Miongoni mwazo zilikuwamo zipatazo 1,500 zilizotolewa Kenya mwaka 1963, zikieleza yaliyotendwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, mwaka uleule wa hukumu ya Turing. Kuwapo kwa faili hizo kulikubaliwa wazi mwaka 2011 tu, baada ya wazee wetu kufungua kesi London. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228. Wazee wa sehemu hizi za Kiambu na Murang'a walikuwa wamesimulia habari hizo kwa nusu karne, wakaambiwa kwamba hawana ushahidi. Ushahidi ulikuwapo, ila ulikuwa rafuni kwa mtu mwingine.

Hilo ndilo fundisho ninalolichukua. Historia hupotea kwa njia mbili. Mojawapo ni ya wenye nguvu wanaozifungia karatasi. Nyingine ni ya sisi wenyewe tunaosema kwamba jambo ni dogo, si la kuandikwa. Ya kwanza ina dawa, kwa maana karatasi iliyofungiwa inaweza kufunguliwa siku moja. Ya pili haina, kwa maana karatasi haikuwahi kuwapo, au ilikuwapo ikatupwa.

Mwezi uliopita nilikutana na yule mwanafunzi wangu katika kituo cha matatu cha Thika. Sasa ni mwalimu wa shule ya upili. Baada ya kujuliana hali nilimwomba radhi, nikamwuliza kama bado anataka kuifanya kazi ile. Alinijibu kwa adabu, akiniita mwalimu kama zamani, lakini jibu lilikuwa chungu. Wakati ule alipoleta pendekezo, mama mmoja wa Ruiru aliyekuwa na banda la michezo kwa miaka mingi alikuwa amemwahidi madaftari yake yote ya hesabu: siku kwa siku, nani alicheza, alilipa kiasi gani, mashine ipi iliharibika na fundi alidai nini, hata majina ambayo vijana waliibandika michezo. Mwanafunzi alipokataliwa hakurudi kuyachukua. Banda lilifungwa. Alipopita huko baadaye kusalimia, madaftari yalikuwa yamekwisha kuwashia jiko.

Sikuwa na la kusema. Nilimshika mkono, matatu yake ikajaa, akaenda.

Nimejaribu kujifariji kwamba si madaftari hayo tu yaliyokuwapo. Kompyuta ziliingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa miongoni mwa walioanza kuzitumia. Waliozihudumia wakati ule ni wazee sana, na wengi wametangulia mbele ya haki. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, pale Juja kati ya Ruiru na Thika, kiliunganisha kompyuta za Taifa, na mwaka 2016 kikawa, pamoja na washirika wake wa nje, mmojawapo wa waliopewa kandarasi ya vifaa vya wanafunzi wa shule za msingi. Je, yupo anayeandika jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, na kwa maneno gani mafundi walielekezana mezani? Au tunangoja miaka 50 ipite, mgeni aje atuandikie?

Mimi nimefanya nililoweza. Nimeliandikia jopo letu barua kuomba pendekezo lile lifunguliwe upya kwa yeyote atakayelitaka, na nimejitolea kulisimamia. Nawe msomaji wa Thika, Ruiru, Juja au Gatundu, ukiwa na daftari la banda, risiti ya kompyuta ya kwanza uliyonunua, kaseti ya mchezo, au hata kibao cha bei kilichochorwa kwa rangi, usikitupe. Kiweke mahali pakavu, uandike nyuma yake tarehe na jina la mtaa. Na kama kuna fundi mzee jirani yako aliyezitengeneza mashine hizo zilipokuwa ngeni, mtembelee jioni moja na kalamu, umwulize alizianzaje.